Dereva wa Safari ya Ziwani

Msabaha alikunjua ramani juu ya meza, akazuia pembe zake kwa kopo la chumvi na kisahani cha achari, kisha akainua macho kumtafuta Daksha. Daksha alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na birika mkononi. Walitazamana kidogo tu, kama wanavyotazamana watu wenye jambo lao mbele ya mtu mzima, halafu Daksha akageuka upesi akarudi jikoni. Msabaha hakulitilia maanani. Alidhani ni haya.

Ilikuwa Jumapili alasiri, katikati ya kiangazi, kwenye nyumba ndogo ya kupanga hapo Wembley. Aliyekaa kichwani mwa meza alikuwa Jamnaben, mama mkwe wa Daksha, ambaye Daksha alimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, tangu siku alipoolewa na mwanawe Naresh kule Musoma. Naresh alikufa kwa ugonjwa wa ini kabla hawajapata mtoto. Mwaka uliofuata, mjane na mama wa marehemu wakapanda ndege kuja London, wakiwa na masanduku manne na mashine ya kushonea. Walikaa pamoja kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaza kukaa vingine. Daksha alifanya kazi kwenye kiwanda cha balbu. Ba alikaa nyumbani, akapika, akasali, na kila jioni akalalamikia jambo moja: kwamba maji ya mji huu ni ya bomba na ya mvua tu, hakuna maji ya mtu kuyakalia akayatazama.

Hapo ndipo safari ilipoanzia. Kiwanda kilifungwa wiki mbili kila mwaka mwezi wa nane, na Msabaha alikuwa na gari. Lilikuwa gari la zamani la kusambazia mikate, alilolichukua likiwa bovu kabisa. Yeye ni fundi wa mabasi, Mzanzibari aliyefika London miaka kumi nyuma, na jioni baada ya jioni alilifufua, akalitoboa dirisha ubavuni, akatia vitanda, jiko la gesi, sinki na tangi la maji, hata likawa nyumba yenye magurudumu. Daksha ndiye aliyesema waende nalo Askermere, mji mdogo wa wavuvi kando ya ziwa, mbali kaskazini. Ba akatazame maji.

"Tunaondoka Jumamosi asubuhi," Msabaha alisema, akipitisha kidole juu ya ramani. "Tunashika hii barabara kuu ya kaskazini, halafu tunaingia hii nyingine. Hapa tunalala. Kuna shamba la Mzungu mmoja anayeruhusu magari ya kambi. Siku ya pili, adhuhuri, tuko ziwani."

Ba aliinama na miwani yake. Yeye na marehemu mumewe waliuza nyavu za kuvulia miaka yote ya ndoa yao, ingawa nyumbani kwao hapakuwahi kuliwa samaki hata siku moja.

"Na wavuvi wapo kweli?"

"Wapo, mama. Wana mashua zao, na asubuhi wanauza pale pale gatini."

"Nyavu zao ni za pamba au za nailoni?"

"Hilo sikuliuliza."

"Ungeuliza. Nikifika nitajua mwenyewe." Ba alivua miwani. "Samaki hapikwi ndani ya gari."

"Hapikwi. Mie nikimtamani nitakwenda kumla huko huko gatini, na nitanawa mikono kabla ya kurudi."

Ba akacheka. Jikoni, Daksha alisikia kicheko kile na akaacha kumimina chai, maana Ba hakuwa mtu wa kucheka na wageni, na furaha yake ilizidi kulifanya jambo kuwa gumu.

"Choo je?"

"Kila kiwanja cha kambi kina vyoo. Na ndani nimeweka cha ndoo, kina mfuniko wake na pazia lake."

"Vitanda?"

"Cha nyuma ni kipana. Hicho chako wewe na Daksha."

Ba alimtazama kidogo kwa kusikia jina limetajwa hivyo, kavu, bila bibi wala dada mbele yake. Halafu akauliza, kwa sauti ile ile ya kuulizia choo na nyavu, "Na wewe, dereva, utalala wapi? Daksha ameniambia wanawake wa kiwandani wamekusifu kwamba ni dereva mwaminifu. Sitaki ulale nje kwenye baridi. Dereva wetu wa Musoma, Naftali, alikuwa akilala nje, mpaka kifua kikamharibika."

Daksha alikuwa ndiyo kwanza anaingia na sinia. Vilikuwamo vikombe viwili vya udongo na bilauri moja ya bati, ile inayowekwa kando kwa mafundi na watu wa kupita. Ba ndiye aliyekuwa ameiweka kwenye sinia, na Daksha hakuwa na la kusema la kuiondoa.

Msabaha aliitazama bilauri. Kisha akamtazama Daksha, na safari hii macho yake hayakuwa na haraka. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa uso, na Daksha aliyajua macho yale yakicheka, yakisinzia kwenye basi la asubuhi, yakimsubiri kituoni huku yakijifanya hayasubiri. Hakuwahi kuyaona yakiwa matupu.

"Dereva atalala mbele, mama," alisema. "Kiti cha mbele kinalala. Hakuna baridi."

Akaichukua bilauri, akanywa chai yote, akamweleza Ba juu ya mtungi wa gesi na mablanketi, akamjibu kila alichouliza. Alipomaliza alikunja ramani kwa mikunjo yake ile ile, akaaga.

Daksha alimfuata nje. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba ya jirani, limepakwa rangi ya maziwa, na Msabaha alikuwa ameshafungua mlango wake.

"Nisikilize," Daksha alisema.

"Nakusikiliza. Tangu mwezi wa nne nakusikiliza. Uliniambia umemweleza mama habari yetu. Uliniambia amenuna siku mbili, halafu akasema atakuja ziwani ili anijue vizuri. Yote yale uliyatunga?"

"Niliyatunga."

"Kwa nini?"

Daksha alijifunika vizuri mtandio wa sari begani, ingawa jua lilikuwa kali. "Kila nikitaka kusema, namwona alivyo. Kazika mume. Kazika mtoto. Kaacha nyumba yake na vyombo vyake. Nikaona nitakuwa ninamwondolea kitu cha mwisho. Nikasema tukifika huko, akishakuzoea..."

"Akishamzoea dereva."

"Akishakuzoea wewe."

"Mie siye aliyekaa mle ndani, Daksha." Hakupandisha sauti, na Daksha angependa angepandisha. "Ungeniambia hujaweza, nikungoje, ningekungoja. Umeniona mimi mtu wa papara? Lakini umenikalisha mbele ya mama wa watu, ananiuliza nitalala wapi kwa huruma yake, na mie namjibu uongo. Umenifanya mwongo na sikuwa na habari."

"Basi tusiende. Nitamwambia gari limeharibika."

"Uongo mwingine tena." Alikaa kwenye kiti, akashika usukani. "Tutakwenda. Nimemwambia yule mama Jumamosi, itakuwa Jumamosi. Nitawapeleka, nitawaonyesha ziwa, nitawarudisha mpaka mlangoni hapa. Nikishawarudisha, mie nashika njia yangu. Hapo utakuwa umesema kweli, kwamba nilikuwa dereva."

Gari likawaka na kuondoka. Daksha alibaki kwenye ukingo wa barabara mpaka jirani alipochungulia dirishani, ndipo akaingia ndani kuosha vikombe.

Wiki ile ilipita vibaya. Asubuhi Daksha hakumkuta kituoni. Msabaha alikuwa amebadilisha zamu. Kiwandani Daksha alipanga balbu kwenye maboksi kama kawaida, mikono ikijua kazi yake, na kichwani akayarudia maneno yale moja moja. Alijaribu kumkasirikia. Alijiambia kwamba mwanamume asiyejua kukaa na wanawake wawili wenye msiba hawezi kuelewa. Lakini kila alipofika kwenye neno lile, umenifanya mwongo, hasira ilimwishia.

Jumatano jioni Msabaha alikuja. Alikuwa amebeba ngazi ndogo ya mbao, ya vipandio viwili, aliyoitengeneza kwa sababu aliona Ba anapata tabu ya goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Cha kupandia garini. Mlango uko juu, goti lako litauma." Kisha akageuka. "Bibi Daksha, naomba urefu wa pazia la dirisha, kama umeshalikata."

Bibi Daksha. Alilitamka kwa heshima kamili, huku akitazama ukuta uliokuwa nyuma ya bega lake. Daksha akamtajia vipimo. Msabaha akashukuru. Alipokuwa anainama kuifuta miguu ya ngazi vumbi, Daksha aliona kidole gumba cha mkono wa kulia kimefungwa kitambaa, msumeno umempitia, na mkono wake mwenyewe ukainuka kabla hajauambia. Akaurudisha. Wiki moja nyuma angekishika kidole kile na kukipulizia kama cha mtoto, na yeye angemcheka.

Alipokwisha kwenda, Ba aliijaribu ngazi pale pale sebuleni, akapanda, akashuka, akapanda tena.

"Kijana ana adabu," alisema. "Ameoa?"

"Hapana, Ba."

"Kwa nini?"

Daksha akasema anakwenda kuanua nguo, na akaenda nje ambako hakukuwa na nguo yoyote kwenye kamba.

Alhamisi jioni walikuwa jikoni wakipika thepla za safari, chapati zile za unga na majani ya uwatu zinazokaa siku nyingi bila kuharibika. Ba alisukuma, Daksha alichoma. Mablanketi yalikuwa yamekunjwa mlangoni. Daksha aliigeuza moja kwenye chuma, akaona imeungua, akasema kwa Kigujarati, lugha yao ya jikoni:

"Ba, Msabaha si dereva."

"Si dereva? Hajui kuendesha?"

"Anajua. Lakini hakuna mwanamke wa kiwandani aliyemsifu. Mimi ndiye ninayemjua. Anataka kunioa, na mimi nataka. Yeye alidhani umeshaambiwa. Nilimdanganya kwamba nimekwambia, na wewe nikakudanganya kwamba ni dereva. Jumapili ndiyo alijua, hapo mezani."

Ba aliendelea kusukuma mpaka thepla ile ikawa nyembamba kupita kiasi na kuchanika katikati. Akazima jiko mwenyewe. Akakaa kwenye kiti.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, baada ya Diwali."

"Ni Mwislamu."

"Ndiyo."

"Na mimi nikampa chai kwenye bilauri ya bati."

Daksha aliiondoa thepla iliyoungua kwenye chuma.

"Mtu ametaka kuingia nyumbani kwangu kama mkwe, nikampa bilauri ya fundi wa bomba, nikamhadithia habari za Naftali. Na yeye akaenda kunitengenezea ngazi." Ba alijifuta unga kwenye mikono, polepole, kidole kwa kidole. "Umenitia aibu, Daksha. Sisemi habari ya kumpenda. Habari hiyo ina uchungu wake na nitakuja nikulilie siku nyingine. Ninasema habari ya aibu."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa utabaki peke yako. Shemeji Ramesh kila wiki anataka kukuchukua uhamie kwake Ilford, na wewe hutaki. Nikiolewa, utalazimika."

Ramesh alikuwa mwana mkubwa wa Ba, mwenye duka la vitambaa Ilford, upande wa pili wa London. Mkewe Kalpana alikuwa na chumba tayari kwa ajili ya mama mkwe, na alikitaja kila alipopiga simu, kwa namna ya mtu anayetaja deni.

Ba aliukusanya unga uliobaki mezani. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imechoka. "Naresh alipokufa, watu walinishauri nikurudishe kwa wazazi wako. Nilikataa. Nilisema huyu ni binti yangu. Basi kwa nini unanificha mambo kama mtu anayemficha mama mkwe?"

Hapo Daksha akalia, kwa sauti ndogo, mikono yake ikiwa na majani ya uwatu mpaka kwenye vifundo. Ba hakumkumbatia, bado alikuwa na hasira. Lakini aliinuka, akawasha jiko tena, akasukuma ile iliyochanika upya, akaiweka kwenye chuma.

"Mwambie aje kesho akitoka kazini," alisema. "Aje bila ramani."

Daksha alimkuta Msabaha nje ya gereji ya mabasi Ijumaa, saa ya kutoka. Alikuwa ameacha zamu yake kiwandani mapema kwa kusema anaumwa, na alipomwambia hivyo Msabaha, akaongeza mwenyewe, "Huo ni uongo wa mwisho." Kisha akamweleza yote aliyomwambia Ba, bila kujitetea.

Msabaha alisimama akijifuta grisi kwa kitambaa. Alikifuta kila kidole mara mbili. "Amesemaje?"

"Amesema uje. Hakusema zaidi."

"Ameniita kunifukuza."

"Huenda. Utakuja?"

Alimtazama, na Daksha akaona macho yamerudi kuwa yake. "Nisubiri ninawe," alisema.

Walipofika, Ba alikuwa amevaa sari nyeupe iliyopigwa pasi. Mezani palikuwa na vikombe vitatu vya udongo. Alimwonyesha Msabaha kiti kilicho mkabala na chake, akammiminia chai mwenyewe.

"Siku ile sikujua," alisema kwa Kiswahili.

"Najua, mama. Hata mie sikujua."

"Ukitaka kazi unaomba, na mke pia unaomba. Huyu baba yake alifariki, mama yake yuko India hajijui wala hajitambui. Hana mwingine wa kuombwa ila mimi. Mimi mama wa mume wake." Aliweka birika chini. "Haya, niambie."

Msabaha alisogeza kikombe kando. Pale kwao mambo haya husemwa na wazee, kwa maneno mengi ya kuzunguka, na hapa hakuwa na mzee wala maneno. "Nataka kumwoa Daksha," alisema. "Tutaandikishwa ofisini, kiserikali. Dini yake abaki nayo, na mie nibaki na yangu. Kwetu wako watakaokasirika. Dada yangu Ummukulthum, yuko Portsmouth, ameshaniambia hatakuja, na ndiye aliyenilea. Sikufichi. Na nyumba nitakayokaa mimi na Daksha itakuwa na chumba chako. Kama hukitaki, basi kitakaa wazi, lakini kitakuwapo."

"Nikisema hapana?"

"Kesho nitawapeleka ziwani kama nilivyoahidi. Tukirudi nitakuja kuomba tena."

"Mara ngapi?"

"Sijui, mama. Sijawahi kuomba mke kabla."

Ba aligeuka akamtazama Daksha, aliyekuwa amekaa na mikono mapajani, na akamtazama kwa muda mrefu kiasi kwamba Daksha alianza kuhesabu maua ya kitambaa cha meza. Alichokitafuta Ba usoni pale hakukisema. Labda alikuwa anamtafuta Naresh, labda anamuaga. Macho yake yalijaa, akayafuta kwa pindo la sari, akainuka akashika ukuta, akaenda kwenye simu iliyokuwa ukumbini. Walimsikia akizungusha namba.

Alizungumza Kigujarati. Msabaha hakuelewa, ila alimwona Daksha akiinua kichwa.

"Ramesh, ni mimi. Daksha anaolewa. Na yule Mzanzibari mwenye gari. Ndiyo, huyo. Mimi ndiye niliyekubali."

Sauti ya Ramesh ikatoka kwenye simu mpaka sebuleni, ndogo na kali, haipumui. Ba alisikiliza kidogo. Halafu akailaza simu juu ya kimeza, taratibu, Ramesh akiwa bado anasema, akarudi kwenye kiti chake na kunywa chai yake, ambayo ilikuwa haijapoa. Chini ya meza Daksha aliutafuta mkono wa Msabaha, akaupata, na kidole gumba kilichofungwa kitambaa kikamgusa kiganja. Wakakaa watatu, wakimsikia mtu wa Ilford akimaliza maneno yake.

Sauti iliponyamaza, Ba alikwenda ukumbini, akainua simu, akasema sentensi mbili, akaikata.

"Amesemaje, mama?" Msabaha aliuliza.

"Amesema kesho asubuhi anakuja kunichukua na vitu vyangu, nihamie Ilford." Ba alikaa, akavuta kisahani cha thepla akakisogeza mbele ya Msabaha. "Nimemwambia kesho asije, sitakuwepo. Nina safari na wanangu."